Kamera ya Canon R6 Mark III: ninunue sasa hivi niingie nayo Shaaban au nivute subira?

Mchina_wa_Michenzani
Asalaam aleikum wakuu. Mie napiga picha za harusi hapa Mjini, mpaka leo natumia Canon 6D ile ya 2012, raba ya mkononi imebanduka naibandika kwa gundi ya viatu. Juzi niko msikitini watu wanaoza, sheikh anasoma khutba kumetulia kimya, mie kila nikibonyeza klak, klak, mzee mmoja akageuka akanitazama, wallahi nliona haya. Sasa R6 Mark III imetangazwa Novemba 2025 kwa dola 2,799 bodi tupu bila lenzi, pesa nnazo karibu zote, na Shaaban ndo hiyo inakuja, nshachukua harusi kumi na moja. Nnunue saa hizi au nisubiri ishuke?

Bi_Kanga_Wete
Waaleikum salaam kaka angu. Kabla ya Shaaban usinunue, nakwambia kwa yalonikuta. Mie napiga upande wa wanawake. Nlinunua kamera mpya, kampuni sitoitaja, Jumaatano, Jumaamosi yake niko nayo ukumbini, nimeweka shata ya kimya nikijiona nshafika. Ukumbi wenyewe una zile taa za LED za rangi. Nafungua picha nyumbani, biharusi ana mistari myeusi kutoka kwenye paji mpaka kwenye hina za mikono, picha kama mia mbili hivi. Kamera haikuwa na kosa, shata ya kimya haipatani na taa zile, mie ndo nlikuwa sijaijua. Na zile faili za RAW, yaani picha ghafi, kompyuta ikawa haizifungui, programu haijapata apdeti ya kamera ile, mama wa biharusi anapiga simu asubuhi na jioni. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa mbali.

yakhe_shangani
Bi Kanga kasema kweli. Wanunuzi wa mwanzo ndo wanaofanyiwa majaribio. R5 ilipotoka 2020 watu walilia inachemka kwenye video ya 8K, faimweya, yaani apdeti ya kamera yenyewe, ya kuipunguzia ikafata baadae. Nikon D600 ya 2012 ilijaza madoa kwenye sensa, ile inayonasa picha, mwaka wa pili yake wakatoa D610 yenye shata nyengine. Tena ikitoka mpya tizama ile ya nyuma yake bwana! R6 Mark II ilianza dola 2,499 mwaka 2022, sasa iko chini ya hapo, megapikseli 24 zinakutosha kwa albamu, na matundu yote mawili yanakula kadi za SD unazotumia. Mark III tundu moja ni CFexpress, kadi yake ghali, na kisomeo utanunua, hayo hukuyatia kwenye hesabu nakujua.

Mchina_wa_Michenzani
Kweli sikuyatia 😂 na lenzi zangu za EF, za hii Canon ya zamani, je?

yakhe_shangani
Unanunua adapta ya EF kwenda R, zinafanya kazi vizuri tu, usiziuze.

Bi_Kanga_Wete
Skiza, harusi zinasita mwezi wa Ramadhani si ndio? Basi nunua Shaaban ikishamaliza, pesa za harusi kumi na moja ziko mkononi, bei pengine imelegea kidogo, na una mwezi mzima wa kuizoea. Kila baada ya futari nenda Forodhani usiku upige moshi wa mishikaki na taa za kila rangi, ukiharibu hapana mama wa biharusi wa kukupigia. Sikukuu ikifika vidole vinajua wenyewe pa kwenda. Na hiyo klak ya msikitini, 6D ina S ya kimya kwenye draivu, pale unapochagua namna ya kupiga, umewahi kuiweka?

Mchina_wa_Michenzani
Subirini niitizame

Mchina_wa_Michenzani
Ipo!! Miaka minane nnayo kamera hii. Haiwi kimya kabisa lakini nimeipiga hapa sebuleni mke wangu hata hakugeuka. Haya nangoja Ramadhani. Yakhe, hiyo Mark II nikiipata ya mkono wa pili nitizame nini mwanzo?

yakhe_shangani
Tizama kwanza kama yule aloiuza alikuwa akipiga wacheza kaitisafi baharini Paje. Chumvi.