Jibu: Kifaa cha kusomea vitabu kinanitesa, ninunue kingine?

> Habari zenu ndugu. Kurasa za Kiswahili zina mapengo kati ya maneno, herufi za ukurasa uliopita zinabaki kama kivuli, na asubuhi kituoni hapa Oslo kifaa kinajikokota. Nikitupe?

Dada, usikitupe. Mawili kati ya hayo yanatokana na programu yake, si kifaa chenyewe.

Naanza na mapengo, maana ndiyo yanayoniuma. Maneno yetu ni marefu: “walipotusimulia”, “hatutawasahau”. Kifaa kikinyoosha kingo zote mbili bila kujua pa kulikata neno, linashuka zima zima mstari wa chini, huku juu maneno yametawanyika. Kikilikata kwa kanuni za Kiingereza ndiyo balaa. Nimekuta “nyum-bani”, wakati kila mtoto wetu anajua ni nyu-mba-ni. Nilikifungua kitabu hicho kwa Calibre, programu ya kupanga vitabu kwenye kompyuta, nikakuta sehemu ya lugha imeandikwa Kiingereza! Nikaweka Kiswahili, nikakirudisha kwenye kifaa, kisha nikachagua maandishi yanyooke kushoto tu. Mapengo yakaisha.

Kivuli nacho: ndani ya skrini ya E Ink (wino wa kielektroniki) kama yako mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzivuta juu au chini, zikifika zinatulia bila kula betri. Zinazobaki nyuma ukigeuza ukurasa ndizo kivuli chako. Programu ndiyo inayoamua skrini ijifute nzima baada ya kurasa ngapi. Kwenye mipangilio, chagua ijifute kila ukurasa. Itapepesa kidogo, utazoea.

Kujikokota asubuhi ni baridi, nayo haina apdeti. Chembe zile zinaogelea kwenye kimiminika, nacho kikipoa huwa kizito. Kiweke ndani ya koti, karibu na mwili.

Kabla ya kufikiria kipya, angalia nukta za skrini. Vya zamani vingi vina 167 kwa inchi, vya sasa 300. Kama herufi zina meno-meno, hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia.

> Ahsante sana kaka, kivuli kimeondoka! Na PDF za vitabu vya shule vya mwanangu?

Kwenye skrini ya inchi 6, ukurasa wa A4 utamuumiza macho mtoto. Kama kifaa chako ni cha Kobo, weka programu ya kusomea iitwayo KOReader, ni ya bure na inaweza kuyapanga upya maandishi ya PDF. Picha na majedwali lakini huvurugika, kwa hiyo hesabu na jiografia mwachie kwenye tableti.