Tupeane uzoefu: hadithi gani ya wanyama ulisimuliwa ukajua hapa ni mimi nasemwa?

Wasee habari za jioni. Uzi huu ni wa sungura, fisi na wenzao lakini sitaki za kitabuni, nataka ile mtu alikusimulia akilenga mtu. Naanza. Shosho, yaani nyanya yangu, hakuwa anakemea mtu mzima mbele ya watoto. Sasa ankol mmoja alikuwa na mchumba Githurai na mwingine ushago, kila mtu anajua, siku hiyo tumekula tumeshiba shosho akaanza "uga itha", ule mwito wa Kikuyu wa kufungua hadithi, sisi "itha!", akatoa ile ya fisi amefika njia panda akanusa nyama pande zote mbili, mguu huu huku mguu ule kule mpaka akapasuka msamba. Ankol ndiye alicheka kuliko wote, halafu katikati ya kicheko akanyamaza akauliza kama chai imebaki 😂 Na hakuna mtu alitaja jina. Nyinyi je?

MwalimuWaEastlands: Wanafunzi wangu wanaandika sifa za khurafa (hadithi za wanyama) hata usingizini, waambie wasimulie moja, kimya. Nikawapa ya kima na papa, ile mmishonari Mwingereza Edward Steere aliisikia Zanzibar akaichapisha London 1870. Papa anamwalika kima kwao, wakiwa katikati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa na dawa ni moyo wa kima, kima anamjibu aah si ungesema mapema, moyo nimeuacha nyumbani, turudi. Nikakataa kuwapa funzo. Kijana wa nyuma akasema papa si mbaya, ametumwa na bosi, na kama ni mbaya mbona akasema ukweli kabla hawajafika? Walibishana mpaka kengele. Ningeandika ubaoni "funzo: usiwe mjinga" hiyo lesoni ingekufia hapo.

NgaraSide: @Mwalimu hiyo jirani yangu Mhindi anaijua tangu utotoni ila kwake ni mamba wa mtoni! Iko kwa Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za India. Kwa kitabu cha Kiarabu Kalila wa Dimna, ile Ibn al-Muqaffa alitafsiri karne ya 8, ni kobe. Kima ni yule yule, anayembeba ndio anabadilika kulingana na maji ya pale.

Nyakisumo: Kwetu Wajaluo sigana (hadithi) ilikuwa usiku tu, ukimaliza unasema "thu tinda" na unaomba urefuke kama mti wa kwa mjomba. Mimi mfupi lakini 😅

PlotiNambaMbili: Keateka wetu, mwangalizi wa ploti, ni noma. Maji yalipotea, tukakubaliana kuchangia tangi, kuna jamaa wa juu akasema yeye huoga kazini hachangii, na usiku anaonekana na mtungi. Keateka hakugombana, alikaa pale ngazini na watoto akaanza ile ya wanyama kuchimba kisima, sungura akakataa kuchimba, halafu anakuja kuyanywa kwa ujanja mpaka kobe akajipaka ulimbo mgongoni akajificha majini. Jamaa alikuwa anapita na viatu mkononi. Akatuma pesa kabla sungura hajakanyaga kobe, na watoto wakamwitisha mwisho wa hadithi keateka akasema imeisha.