Mchuzi wa dengu bila nyama: ladha itoke wapi?

Swali
Habari zenu, ndugu zangu. Ninapikia familia yenye watoto wadogo, na tumeamua kupunguza nyama ili kubana matumizi. Mchuzi wangu wa dengu na viazi huwa mwepesi, harufu ya bizari mbichi haiondoki, na mara nyingine dengu hubaki ngumu hata zikichemka muda mrefu. Naomba mnielekeze, bila kuongeza vitu vya gharama kubwa.

Jibu la kwanza
Ndugu, viungo ulivyo navyo vinatosha. Kinachohitaji kurekebishwa ni mpangilio wa kuvipika. Kaanga vitunguu maji kwa moto wa wastani hadi viwe na rangi ya kahawia, kazi ya dakika 10 hadi 15 ambayo wengi huikatiza mapema, ilhali ndiyo inayoupa mchuzi usio na nyama utamu wake. Tia kitunguu saumu na tangawizi, vikishanukia tia bizari, jira na giligilani ya kusaga, kisha koroga kwa muda usiozidi dakika moja, kwa kuwa harufu ya viungo hivi hutoka vizuri zaidi kwenye mafuta ya moto kuliko kwenye maji, lakini vikiungua huwa vichungu. Weka maji kidogo karibu nawe, ili ukiona vinaanza kushika sufuria unyunyize mara moja. Hapo ndipo nyanya ziingie, zipikwe mpaka zivurugike kabisa na mafuta yajitenge pembeni. Kabla ya kuyaona mafuta hayo, usiongeze chochote.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, nami naongezea kuhusu dengu. Zichemshe peke yake kwanza, kwa sababu uchachu wa nyanya huzichelewesha kulainika. Zile nzima ziloweke usiku kucha. Zilizopasuliwa huiva upesi bila kulowekwa. Dengu zilizokaa sana tangu kuvunwa huwa sugu, kwa hiyo ni afadhali kununua kidogo kidogo. Maji ya kuchemshia usiyamwage, kwani ndiyo supu yako, kisha ponda upawa mmoja wa dengu zilizoiva na uzirudishe sufuriani: rojo litakuwa zito bila unga. Siku ukitumia maharagwe mekundu badala ya dengu, yaloweke, umwage maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali si chini ya dakika 10, maana yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosumbua tumbo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, viazi viingie lini, na pilipili nifanyeje kwa ajili ya watoto?

Jibu la tatu
Viazi vitie baada ya nyanya kuiva, kwa kuwa uchachu uleule unaozichelewesha dengu huvisaidia viazi visivunjike. Vikate vidogo tu, na dengu zifuate vikikaribia kuiva. Pilipili itie nzima bila kuitoboa, uitoe kabla ya kupakua, na watu wazima wawekewe ya kusaga pembeni.