Mdogo wangu anameza vidonge vya kunenepa, nimfanyeje?

dada_nkuhungu
Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 16, kidato cha tatu, tunaishi hapa Dodoma. Ni mwembamba toka utotoni, ukoo wetu wote tuko hivyo. Toka likizo ya mwezi wa sita yeye na kupiga chuma tu, yeye na wenzake wamejaza zege kwenye makopo mawili ya rangi wakachomeka bomba katikati, kila jioni wako nyuma ya nyumba wanapokezana huku mmoja anarekodi na simu. Hilo sikulijali, bora mazoezi kuliko kuzurura. Sasa juzi nafua suruali yake ya shule nakuta kikaratasi kimekunjwa mfukoni, ndani vidonge havina pakiti wala jina, kumbana sana ndo anasema ni vya kunenepa, eti wanachanga hela ya chai wananunua. Na kweli siku hizi anakula balaa, uso umejaa, mama anafurahi anasema mtoto kanawiri, kumbe! Halafu mwalimu kashanipigia anasinzia darasani. Nikamuuliza kwa nini lakini, akanijibu "dada wewe hujawahi kuitwa kimbaumbau darasa zima likacheka". Nilikosa la kusema. Nimwambie baba au nimalizane naye?

nesi_wa_zamu
Pole mdogo wangu. Sijaviona ila ulivyoeleza naogopa. Vinavyouzwa hivyo mara nyingi ni siproheptadini, ni dawa ya mzio, hiyo ndo inaleta njaa na usingizi, na deksamethasoni ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Uso ukijaa kwa steroidi hapo hakuna misuli, ni maji na mafuta. Ikitumika muda mrefu inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na mtoto anayekua inaweza kumzuia kurefuka. ILA usivitupe chooni ukamkatisha ghafla! Kama kameza wiki kadhaa mwili unakuwa umezoea, umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, akiacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Mpeleke hospitali na vidonge mkononi, daktari ndo apange namna ya kuacha. Kesho asubuhi, usisubiri wiki iishe.

chuma_cha_jioni
Dada makopo ya zege muachie, ila wayapunguze uzito na asinyanyue peke yake, nimeona mtu kaangukiwa kifuani. Umri huo mwili bado unajijenga, kifua kinakuja chenyewe miaka miwili mitatu mbele kama anakula vizuri, ugali wa uwele, maharage, karanga, dagaa, mayai mkipata. Na wembamba sio ugonjwa jamani, Alphonce Simbu wa hapo jirani Singida mwembamba hivyo hivyo na 2025 kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo.

binti_f4
Simbu sawa kaka ila hilo halimsaidii mtu anayechekwa saa nne asubuhi. Sisi wasichana pia tunayo, kuna rafiki yangu anashindia maji ya ndimu siku nzima ili tumbo liishe, juzi kaanguka mstarini. Dada muulize nani anamwita hivyo, mwalimu aambiwe.

dada_nkuhungu
Asanteni sana, tumetoka hospitali, kapimwa sukari na presha, kapangiwa kupunguza kidogo kidogo. Baba nilimwambia jana usiku, nilijua atagomba. Alikaa kimya muda mrefu halafu akamwita akamwambia hata mimi shule walikuwa wananiita hivyo hivyo. Wakakaa nje hadi saa tano.