Tupeane uzoefu: mfumo mpya ulipoingia ofisini kwenu, nani aliumia?

Mkazi wa Nkuhungu: Wakuu, jana kwenye daladala ya Mtumba nimekutana na mzee wetu wa masjala. Enzi zake ulikuwa unamtajia jina tu, anaingia kwenye rafu, anatoka na jalada, na folio (namba ya karatasi ndani ya jalada) anakutajia. Hata wakubwa walimnyenyekea, maana akikununia, faili lako "halionekani". Mfumo ulipokuja, vijana wawili wa mkataba wakaskani kila kitu. Mzee akahamishiwa meza ya karibu na choo. Hafukuzwi, hapewi kazi. Anafika saa 1:30, anasoma gazeti, saa 9:30 anaondoka. Hivyo hivyo mpaka akastaafu. Jana ananiuliza, "Mwanangu, bado mnatafuta mafaili?" Nilikosa jibu. Wale vijana walihifadhi kurasa zote kwa namba walizozijua wenyewe. Tupeane uzoefu.

Zabibu Kavu: Umenikumbusha mbali mkuu. Kwetu alikuwa mama wa kupiga chapa.

Fundi wa TEHAMA: Tuseme ukweli, wazee hao hao ndio walikuwa wanaficha mafaili mpaka utoe ya soda. Mfumo unalaumiwa bure, na sisi tunalaumiwa nao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika huko Afrika Kusini, intaneti ikasumbua nchi nzima, mtu ananipigia: "Kijana, njoo uchomeke waya."

Zabibu Kavu: Ya soda haijaondoka, imehamia kwenu.

Fundi wa TEHAMA: Wewe una lako jambo.

Mama Kibaigwa: Kwetu ilikuwa mashine ya vidole. Dada wa usafi, mikono imelika kwa sabuni na jembe, mashine ikawa haimsomi kabisa. Mwezi wa kwanza akakatwa siku 11. Na deki alikuwa anapiga kila siku, sisi tunaikanyaga ingali mbichi.

Mpita Njia: Apake mafuta ya alizeti kidogo, kinasoma.

Fundi wa TEHAMA: Asipake mafuta! Yanachafua kioo. Asajiliwe kidole kingine.

Mwanasheria Uchwara: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na alama za vidole zimo. Aombe ofisi imweleze inazitunzaje.

Mama Kibaigwa: Kamsomee bosi wewe. Yeye alikuwa anataka siku zake 11.

Binti wa Hesabu: Nimesoma nikasema leo niseme. Nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye ofisi moja huku kanda ya kati, siitaji. Kwa kawaida anayeandaa malipo siye anayeidhinisha, na mfumo wetu uliwekwa hivyo makusudi. Bosi wangu mtu mzima, kompyuta alikuwa anaiona kama kazi ya makarani. Wiki ya pili tu akaniita: "Binti yangu, nywila yangu hii hapa, uwe unanibonyezea." Ningemkataliaje? Amenipokea kazini, amechangia hata msiba wa baba. Kikaratasi akakiweka chini ya kioo cha meza, kila anayeletewa chai pale anakiona. Mwaka mzima naandaa kwa jina langu, natoka, naingia kwa jina lake, naidhinisha.

Wakaja wakaguzi. Kuna masurufu ya safari ambayo hakuna aliyesafiri. Yameidhinishwa usiku, saa 3 na dakika 40, kwa akaunti ya bosi, kwenye kompyuta yangu. Bosi hata hakunitazama usoni. "Mimi hayo mambo siyajui, muulizeni binti." Nikapewa barua ya kujieleza. Wenzangu niliokuwa nakula nao mchana wakaanza kuhama meza. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi nikitoa salamu, kimya, alama za bluu tu.

Kilichoniokoa ni daftari la mlinzi. La karatasi, limechanika jalada. Siku ile niliandikwa nimetoka saa 9:45 na sikurudi. Aliyeandikwa ameingia saa 3 usiku yupo, kwa mwandiko wa mlinzi.

Mpita Njia: Nani???

Zabibu Kavu: Malizia dada, usituache juu ya mti.

Shuka Chini: Chai hii. Mwizi gani anaandikisha jina getini?

Mama Kibaigwa: Anayemwona mlinzi si mtu. Wako wengi.

Binti wa Hesabu: Jina sitaji. Mimi nilihamishwa kituo, bosi kastaafu na sherehe alifanyiwa.

Mwanasheria Uchwara: Ungeomba maelekezo yale kwa maandishi.

Mama Kibaigwa: Kwa bosi aliyekuzikia baba?

Mpita Njia: Mimi bosi akinipa nywila naikosea mara tatu makusudi, akaunti inajifunga. Hanipi tena.

Fundi wa TEHAMA: Halafu ananiita mimi nikaifungue. Dada, swali moja: kompyuta yako aliingiaje? Hukuifunga?

Binti wa Hesabu: Niliifunga. Nywila yangu nayo ilikuwa kwenye daftari, droo ya juu. Usinicheke.

Zabibu Kavu: Sicheki, nimeinuka kwenda kutoa yangu.

Mkazi wa Nkuhungu: Wakuu, turudi kwa mzee. Alishukia Ihumwa, namba yake sikuchukua. Anayejua anapokaa anistue, faili langu la kupandishwa daraja mpaka leo halijaonekana.