Baba ana presha, na chakula pekee anachotamani ni nyama ya kopo. Naomba ushauri

Binti_wa_Reli (Ipagala, Dodoma):

Habarini wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaniumiza.

Baba yangu ana miaka 74. Alikuwa gadi wa treni za mizigo Reli ya Kati, safari zake Dodoma kwenda Tabora, mara nyingine hadi Kigoma. Mama alifariki mwaka jana, ndipo tukamtoa baba Saranda tukamleta kwangu. Tangu amekuja, kula ni shida. Ugali anamega matonge mawili, ananawa. Nikimpikia kuku wa kienyeji ananiambia "ahsante mwanangu, nimeshiba", na sahani bado imejaa. Juzi nikamuuliza, baba, unatamani nini hasa? Akafikiri, akasema: "Nyama ya kopo. Ile ya safari."

Nikaenda supamaketi nikanunua ile ya pinki, laini, nikaikata vipande nikaikaanga na vitunguu. Watoto waliimaliza kwa chapati kabla sijakaa. Mzee alichukua kipande kimoja, akakitafuna taratibu, akasema "siyo yenyewe." Hakugusa tena.

Sasa, yenyewe ni ipi? Na inapikwaje? Halafu ana presha, anameza dawa kila siku, na kaka yangu ananipigia simu kuniambia namlisha mzee sumu. Sitaki kumdhuru. Lakini namwona anakonda, na kitu kimoja alichokitaja kwa kinywa chake nimnyime? Nawasilisha.

Fundi_Sufuria (Nkuhungu):

Pole kwa msiba dada. Mzee yuko sahihi, umemletea nyama nyingine. Hiyo ya pinki kwenye kopo huandikwa "luncheon meat": nyama imesagwa hadi ikawa laini, mara nyingi na wanga ndani, ndiyo maana inakatika kama mkate. Anayoitaka yeye nina hakika ni "corned beef". Ni ng'ombe, ukiichambua unaona nyuzi za mnofu, na juu kuna utando wa mafuta meupe. Kopo lake halifanani na la maharage: upande mmoja mpana, mwingine mwembamba, na ubavuni limebandikwa kiufunguo. Unachomeka kile kiulimi cha bati kwenye tundu la ufunguo, unazungusha, ukanda wa bati unajikunja pole pole. Ukimaliza, nyama inateleza nje nzima nzima. Safarini hukuhitaji kisu wala friji, na kwenye behewa la gadi friji ingetoka wapi?

Kwa upishi: usiikaange peke yake. Kaanga kitunguu kingi, weka nyanya mbili tatu zilizoiva, hoho, ziive mpaka mafuta yajitenge. Nyama ichambue kwa uma, uitie mwisho, dakika tano tu. Ilishaivia ndani ya kopo, ukiipika sana inakuwa uji. CHUMVI USIGUSE.

Mjukuu_wa_Kongwa:

Uzi huu umenigusa. Hapa kwetu wazee wanaijua nyama ya kopo tangu enzi za ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951. Babu yangu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki. Nyama yenyewe hakupewa, alipewa makopo matupu, na bibi akawa anapimia uwele kwa kopo hilo miaka na miaka.

Nilipokuja kusoma historia ndipo nikaunganisha. Waingereza walikuja kulima karanga Kongwa kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya vita. Nyama nayo ilikuwa ya mgao, na mgao huo haukuisha mpaka 1954. Ndiyo miaka waliyoizoea SPAM, ile nyama ya pinki ya kopo ya Marekani, iliyoanza kuuzwa 1937. Na sisi tulikuwa na yetu: wazee wote wanakikumbuka kiwanda cha Tanganyika Packers cha Kawe, Dar es Salaam, ng'ombe wetu wakiingia makoponi. Leo pale limebaki jina la eneo tu. Huenda baba yako ndiyo anayoitafuta ulimini, dada, na hiyo dukani hutaipata. Ya Brazili itamkaribia.

Nesi_Zawadi:

Mimi ni muuguzi, naomba niseme kwa uwazi, maana kaka yako hajakosea kabisa.

Tatizo la kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na gramu 2 za sodiamu. Gramu 100 za nyama hiyo ya nyuzi zinakaribia gramu 1 ya sodiamu. Maana yake mzee akila robo kilo amevuka kiwango cha siku nzima kabla hujahesabu mboga wala mkate. Ile ya pinki ndiyo zaidi: SPAM ya kawaida, kwa gramu 56 tu, ina miligramu 790.

La pili, mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa shirika hilo hilo waliweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Walisema anayekula gramu 50 kila siku, hatari yake ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18. Soma vizuri hapo: KILA SIKU. Watoto wako wanaoimaliza kwa chapati wananitia wasiwasi kuliko mzee wa miaka 74 atakayeonja mara moja moja.

Ningekuwa wewe ningemwuliza kwanza daktari wake, kwa sababu zipo dawa za presha na hali za figo zinazobadilisha hesabu yote. Akiruhusu, mpe kidogo kama kiungo, usiifanye kitoweo. Vijiko viwili vya kulia ndani ya mboga ya kutosha. Siku hiyo vingine vyote viwe bila chumvi. Na mzee anayekonda baada ya kufiwa anahitaji kuchunguzwa, usiseme ni uzee.

Abuu_Kondoa:

Asalaam aleykum. Nyongeza kwa wenye nyumba kama zetu: ile ya pinki nyingi ni nguruwe. Geuza kopo usome, ukikuta "pork" au "ham" liache. Hata lenye picha ya kuku soma viungo vyote, na utafute alama ya halali. Binti, mpe mzee shikamoo yangu.

Kijana_wa_Area_C:

Kwa kweli sielewi. Dodoma hii, ng'ombe wamejaa, mnada wa Msalato uko hapo, mtu ananunua nyama ya bati? Kwa pesa hiyo unapata nyama mbichi buchani na nyanya juu. Mshaurini dada vizuri.

Fundi_Sufuria:

Mdogo wangu, kwa pesa uko sahihi. Lakini mzee hakuomba nyama. Nyama ya buchani angeila tangu siku ya kwanza.

Msomi_Nkuhungu:

Nilikaa Korea Kusini miaka miwili kimasomo. Kule makopo haya yanafungwa kwenye maboksi mazuri, watu wanapeana zawadi sikukuu ya mavuno. Wana na mchuzi wake, uliozaliwa na vyakula vya kambi za jeshi la Marekani baada ya vita vya 1950 hadi 1953. Wazee wao nao walikuwa na njaa, kopo likaja, ladha ikabaki. Jambo moja muhimu dada: ukikuta kopo limevimba au linavuja, usionje hata kidogo, tupa. Sumu ya bakteria wake haina harufu.

Binti_wa_Reli (MREJESHO):

Wakuu, nawashukuru kila mmoja. Tulimwona daktari, vipimo vya figo viko sawa. Amesema mara moja kwa mwezi, kidogo, na presha ipimwe kesho yake. Kaka nimemtumia maneno ya Nesi Zawadi, ametulia.

Lile kopo la kiufunguo nililipata duka la nne. Nililiweka mezani nikaenda kubandika maji ya ugali. Niliporudi nilimkuta baba amelishika, anachomeka ufunguo. Mikono inamtetemeka siku hizi, hata vifungo vya shati ananiita. Lakini ukanda ule aliuzungusha mpaka mwisho bila kukatika, kisha akausukuma pembeni mbali na mtoto.

Nikaunga kama Fundi alivyoelekeza, vijiko viwili ndani ya mlenda, ugali wa uwele. Alikula akamaliza. Nikamuuliza, ndiyo yenyewe? Akasema imekaribia. "Mama yako alikuwa anatia karanga za kusaga. Usiku wa safari ananifungia kwenye hotipoti, kopo jingine ananipa la akiba."

Miaka yote hiyo sikujua kwamba mama alikuwa anaamka kumpikia. Karanga nimeshanunua Majengo, zipo jikoni zinasubiri mwezi ujao. Mjukuu wa Kongwa, bibi alikuwa anazikaanga kwanza kabla ya kutwanga, au mbichi?