Mjukuu wetu yuko kwa walezi wa kambo Indiana, nasi tunaishi Ohio: tuanzie wapi?

Babu wa Ujiji

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi na mke wangu ni wenyeji wa Kigoma, na kwa sasa makazi yetu ni Columbus, Ohio. Binti yetu anaishi Indianapolis. Mwezi wa Machi idara ya watoto ya huko ilimchukua mwanawe wa miaka minne, baada ya mama kuzidiwa na utumiaji wa dawa za maumivu, ikampeleka kwa familia tusiyoijua, ingawa kwa haki ni lazima niseme kwamba wanamtunza vizuri. Tunazungumza naye kwa video kila Jumapili, na siku hizi bibi yake akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza. Binti ametusihi tusiingilie, akidai kwamba tukifika mahakamani tutakuwa tumemshitaki yeye, nasi tumenyamaza kwa nia ya kumsitiri. Sasa tumesikia kwamba mahakama inakaribia kujadili mpango wa kudumu wa mtoto, yaani ataishi na nani moja kwa moja, na tunahofu kwamba ataasiliwa na watu wengine. Je, tuombe kumlea sasa, au tusubiri kesi ya mama yake iishe?

Mkalimani wa mahakama

Shikamoo mzee wetu. Mimi si wakili, lakini kazi yangu ni ukalimani katika mahakama za familia, na jibu langu ni kwamba msisubiri hata wiki moja zaidi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2008 inaitaka idara itafute ndugu wazima wa mtoto, babu na bibi wakiwemo, na kuwaarifu ndani ya siku 30 tangu mtoto aondolewe nyumbani. Na jimbo linatakiwa kufikiria kumtanguliza ndugu anayekidhi vigezo kabla ya mtu asiye na undugu na mtoto. Hata hivyo, ndugu aliyearifiwa akakaa kimya huandikwa kwenye jalada kuwa hakujitokeza. Hakimu haoni humo nia yenu ya kumsitiri binti. Anachokiona ni kwamba babu hakumtaka mjukuu.

Saa nayo inakwenda. Kikao cha mpango wa kudumu hufanyika ndani ya miezi 12 tangu mtoto aingie katika malezi ya kambo, na akifikisha miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, kwa kawaida jimbo hutakiwa kuomba haki za mzazi zifutwe, isipokuwa kukiwa na sababu zinazotambuliwa na sheria. Mojawapo, kwa majimbo yanayoiruhusu, ni mtoto kulelewa na ndugu yake. Kwa hiyo mtoto kuwa kwenu kunaweza kumnunulia binti yenu muda wa kupona, jambo ambalo yeye huenda hajaelezwa.

Andikeni barua leo kwa afisa wa kesi, na nakala kwa mwakilishi wa mtoto mahakamani. Semeni wazi kwamba mnaomba mtoto awekwe kwenu kama ndugu, na kwamba mnaitaka Indiana ipeleke ombi Ohio chini ya mkataba wa majimbo, unaosimamia kumweka mtoto wa jimbo moja kwa walezi wa jimbo jingine. Ohio itakuja kukagua nyumba yenu, na kwa sheria ya mwaka 2006 ripoti inatakiwa kurudi ndani ya siku 60, ingawa ucheleweshaji ni jambo la kawaida. Msimchukue mtoto kuja kukaa naye Columbus kabla ya kibali hicho, hata mama yake akiwaruhusu. Ombi la haki kamili ya malezi litafuata baadaye, na hilo mlipeleke mkiwa na wakili wa Indiana, kwa kuwa kesi iko huko.

Kaka wa Louisville

Kwa heshima zote, mimi naona ushauri huu una haraka. Lengo la kwanza la mahakama ni kumrudisha mtoto kwa mama yake, na binti aliye katika matibabu akisikia kwamba wazazi wake wamepeleka ombi anaweza kukata tamaa kabisa. Halafu kuna hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 2000, Troxel dhidi ya Granville, iliyowapa wazazi nguvu mbele ya babu na bibi.

Mkalimani wa mahakama

Kaka, hukumu hiyo ilihusu mama ambaye hakuna aliyedai kuwa hafai kulea, na babu na bibi waliotaka muda zaidi wa kuwaona wajukuu. Hapa mtoto tayari yuko mikononi mwa mahakama, na mzee haombi kumnyang'anya mama bali kuchukua nafasi ya walezi wa kambo wakati mama anatibiwa. Mahakama huweza kuwa na mipango miwili kwa wakati mmoja, wa kumrudisha na wa akiba. Binti aelezwe hivyo na wazazi wake wenyewe, kabla ya kuisoma barua kwenye jalada.

Bibi wa Des Moines

Babu, mimi nimepitia njia hii na nimelea. Kuhusu ukaguzi, watu huhangaikia fanicha, lakini kwangu yule dada mkaguzi alifungua kabati la bafuni akauliza dawa zangu za presha zinafungiwa wapi, akabonyeza king'ora cha moshi kusikia kama kinalia, akaangalia kitanda cha mtoto, kisha akakaa mezani na kuuliza: "Binti yako akibisha hodi usiku wa manane akitaka mtoto wake, utafanya nini?" Hapo ndipo wazee wetu wengi huanguka, maana jibu linalotoka moyoni ni kwamba nitamfungulia, ni mwanangu. Zungumza na mama wa nyumbani mwako mapema, mkubaliane kwa dhati, kwa sababu mtaulizwa kila mmoja peke yake. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo atachunguzwa rekodi zake, pamoja na majimbo mliyoishi miaka mitano iliyopita.

Msione haya kuuliza habari za fedha. Hata kabla ya leseni ya walezi wa kambo mnaweza kuomba posho ya mtoto peke yake, inayopimwa kwa kipato cha mtoto na si chenu. Mkipata leseni hiyo na mtoto akakaa kwenu miezi sita mfululizo, majimbo mengi yana ruzuku ya ulezi wa ndugu.

Babu wa Ujiji

Nashukuru sana. Barua tunaiandika usiku huu, na binti nitampigia kwanza. Nina jambo moja: mke wangu Kiingereza chake ni kidogo, je, mpwa wangu anaweza kumtafsiria?

Mkalimani wa mahakama

Hapana, mzee. Idara inayopokea fedha za shirikisho inawajibika kuwapa mkalimani bila malipo, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Liandikeni ombi hilo ndani ya barua hiyo hiyo, mkitaja Kiswahili, na mlirudie kabla ya kila kikao, hata cha simu.